Mwongozo kamili wa nondo wa mzabibu: kutoka yai kwenye jani hadi ua la mpapai

Mvua za Desemba zikishakolea Dodoma na mizabibu ikatandaza majani mapana juu ya waya, ndipo picha zinapoanza kuingia kwenye simu yangu. Karibu zote ni za aina moja: kiwavi mnene kama kidole gumba, ana pembe nyuma, ana macho mawili makubwa ubavuni, na chini ya picha kuna maswali mawili. Huyu ni mdudu gani? Nimpige dawa gani?

Swali la kwanza lina jibu refu na zuri. La pili huulizwa kwa haraka mno, na haraka hiyo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo ambaye wataalamu wanamwita Hippotion celerio. Jina la celerio alipewa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyewapa viumbe wengi majina yao ya kisayansi, mwaka 1758. Ni nondo wa Afrika yote pamoja na Madagaska, yuko Asia ya Kusini hadi Australia, na kila kiangazi cha Ulaya baadhi yao huruka kutoka huku Afrika wakaingia huko, miaka mingine hadi Uingereza, ingawa baridi ya kule huwamaliza. Kwetu ni mwenyeji. Alikuwepo akila mimea ya porini kabla mzabibu wa kwanza haujapandwa Dodoma.

Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: kiwavi anakula jani la mzabibu, lakini akishakuwa nondo hana meno wala hamu ya jani. Anakunywa maji matamu ya maua tu, na katika maua hayo limo ua la mpapai. Utafiti uliofanyika Bonde la Kerio, Kenya, ulionyesha kwamba mipapai ya huko inachavushwa na nondo wa jamii hii wakati wa magharibi, na huyu wetu alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo mdudu unayemchukia asubuhi shambani ndiye huyo huyo anayekufanyia kazi jioni nyuma ya nyumba. Kumdhibiti kunawezekana, na wakati mwingine ni lazima. Ila unatakiwa umdhibiti akiwa wapi, akiwa na umri gani, na kwa kiasi gani? Hayo hutayajua bila kumfahamu maisha yake yote.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye

Usianze na dawa, anza na utambuzi. Kuna wadudu watatu wanaochanganywa naye, na kila mmoja anahitaji njia yake.

Wa kwanza ni yule utakayekutana naye ukitafuta "nondo wa zabibu" mtandaoni. Habari nyingi utakazopata ni za Lobesia botrana, nondo mdogo wa Ulaya ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayafiki sentimita moja na nusu. Viwavi wake huingia ndani ya punje za zabibu. Alipoonekana Napa, California, mwaka 2009, Marekani ilipambana naye hadi ikatangaza mwaka 2016 kwamba ametokomezwa. Ni mdudu mwingine kabisa. Mitego ya harufu inayouzwa kwa ajili yake haimnasi huyu wetu, kwa hiyo usitupe pesa huko.

Wa pili ni nondo watoboaji wa matunda, wa jenasi (yaani kundi la viumbe ndugu) ya Eudocima. Hawa ni wakubwa, mabawa yao ya nyuma ni ya rangi ya chungwa yenye alama nyeusi, na mdomo wao ni mgumu kama msumari. Wakifika usiku wanatoboa tunda lililoiva na kufyonza, kesho yake tundu linaanza kuoza. Ukikuta punje zimetobolewa, usimsingizie Hippotion. Mrija wake ni laini, hauwezi kutoboa hata nyanya iliyoiva.

Wa tatu ni binamu yake, Agrius convolvuli, anayependa viazi vitamu. Akinamama wanaolima matembele wanamjua vizuri. Kiwavi wake pia ni mkubwa na ana pembe, lakini hana macho ya bandia. Ubavuni ana mistari iliyolala mshazari. Nondo wake ni mkubwa kuliko wetu na tumbo lake lina pete za waridi na nyeusi. Hapa kuwa makini, kwa sababu Hippotion naye hula matembele, na hula magimbi pia. Mmea peke yake hautoshi kukuambia ni nani. Tafuta macho.

Nondo mzima wa Hippotion ukimwona mara moja hutamsahau. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika sentimita 6 hadi 8, yamechongoka kama ya mbayuwayu. Ya mbele ni ya kahawia, na mstari mweupe unaong'aa kama fedha unayakata kutoka ncha hadi karibu na mwili. Ya nyuma yamefichwa chini, mpaka aruke ndipo uone waridi iliyokolea iliyokatwa kwa mistari myeusi.

Hatua ya pili: tafuta mayai

Jike hatagi mayai kwa mafungu. Anapita jioni mzabibu hadi mzabibu, anagusa jani kwa ncha ya tumbo, anabandika yai moja, anaondoka. Ndiyo maana shamba lenye mayai mengi linaonekana safi kabisa kwa mtu anayepita kwa miguu bila kuinama.

Yai lina upana unaozidi kidogo milimita moja. Chukua punje ya ulezi, ipake rangi ya kijani kibichi iliyopauka, iwe laini na ing'ae: ndivyo lilivyo. Huweza kuwa juu au chini ya jani. Anza na machipukizi mapya yaliyotoka baada ya kupogoa. Geuza jani kwa vidole viwili polepole, ulielekeze kwenye mwanga. Yai bichi ni kijani. Likielekea kuanguliwa hugeuka kuwa la njano njano. Ukiliona hivyo ujue zimebaki siku chache. Kwa joto la kwetu linaanguliwa kama wiki moja baada ya kutagwa, mara nyingine mapema zaidi.

Ukitaka kujifunza kweli, usilibonyeze yai la kwanza utakaloliona. Funga uzi kwenye kikonyo cha jani hilo, andika tarehe kwenye daftari, rudi kila asubuhi.

Hatua ya tatu: mfuate kiwavi kwa umri wake

Anayetoka ndani ya yai ana urefu wa milimita 4 hivi, rangi yake imefifia, na ana pembe nyeusi nyuma ambayo kwa mwili ule inaonekana imezidi kipimo. Huyu anakaa chini ya jani. Anatoboa vitundu vidogo, kazi ambayo ukiiona kwa mbali utadhani ni panzi au ugonjwa.

Akikua anajivua ngozi mara kadhaa. Kabla ya kila kujivua anaacha kula kwa siku nzima au zaidi, anaganda juu ya jani kana kwamba amekufa. Usimguse wakati huo, maana ameshika jani kwa nyuzi alizosuka, na ukimvuta unaweza kumchana. Akimaliza anatoka na rangi mbichi zaidi, na alama za macho zinaanza kuonekana.

Macho yale si macho. Macho yake halisi ni vitone visivyoonekana kwa urahisi kichwani. Yale makubwa ni madoa ya ngozi, moja kila upande, jeusi lenye vitone vyeupe ndani na duara la njano kandokando, na nyuma ya kila moja kuna jingine dogo. Mguse kidogo kwa kijiti uone yanavyofanya kazi. Anarudisha kichwa na pingili za mbele ndani ya mwili kama mtu anayevuta mkono ndani ya shati. Sehemu yenye macho inafura, inakuwa pana, na ghafla mbele yako kuna kichwa cha nyoka mdogo anayekutazama. Nimemwona jogoo akisogea, akageuza shingo kumtazama kwa jicho moja, akarudi nyuma hatua mbili.

Watu wazima pia wanarudi nyuma. Nimesikia wakisema pembe yake ina sumu, anachoma, mtoto akimgusa atavimba. Pembe ni laini, inapinda ukiigusa, haina sumu wala mwiba. Kiwavi huyu hana nywele zinazowasha kama wale wa miembe. Mwekee mtoto mkononi ajifunze.

Rangi isikuchanganye. Wengine ni kijani cha jani, wengine kahawia, wengine wamekolea karibu na weusi, na wote ni ndugu. Akimaliza kukua anafika sentimita 8 au 9.

Umri huu wa mwisho ndio wa kuogopwa. Sehemu kubwa ya majani yote atakayokula maishani anayala katika siku zake chache za mwisho kabla ya kuingia ardhini. Ndiyo maana mkulima anasema "jana hawakuwepo". Walikuwepo wiki mbili nzima, ila walikuwa wakila kwa kiasi cha mdomo mdogo. Aidha, mkubwa huyu mchana anashuka, anajinyoosha kando ya shina au anajificha kwenye kivuli karibu na chini, kisha anapanda kula usiku. Unaona majani yameliwa hadi mishipa na humwoni mlaji.

Mtafute kwa kinyesi chake. Hapa ndipo ninapowaambia watu wainame kweli. Chini ya mzabibu utakuta punje nyeusi au za kijani kilichokolea, kubwa kama pilipili manga. Chukua moja, iweke kiganjani. Haikuviringika, ni kama pipa dogo lenye mifereji sita iliyonyooka kutoka juu hadi chini, kana kwamba imechongwa. Panzi hana kinyesi cha namna hiyo, wala konokono. Ikiwa bado ni laini na ina unyevu, kiwavi yuko juu ya kichwa chako sasa hivi. Inua macho taratibu, fuata tawi lililobaki vikonyo vitupu.

Kuanzia kuanguliwa hadi kuacha kula hupita takribani wiki mbili hadi nne, kutegemea joto.

Hatua ya nne: mlee mmoja au wawili nyumbani

Unaweza kuruka hatua hii, lakini nakusihi usiiruke. Mkulima aliyemlea mmoja hadi akaruka hahitaji tena kuniuliza kitu.

Tafuta ndoo ya lita 10. Tandika chini udongo mkavu wenye mchanga, kina cha vidole vinne au vitano, na juu yake majani makavu. Kata tawi la mzabibu ambao haujapigwa dawa kabisa, si "haujapigwa wiki hii". Tumbukiza kikonyo chake kwenye chupa ndogo ya maji, kisha ziba mdomo wa chupa kwa tambara ili kiwavi asiteleze akazama. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua na ufunge kwa mpira wa baiskeli. Weka kivulini, mahali sisimizi hawafiki. Sisimizi wameniulia wengi kuliko ugonjwa wowote. Siku hizi naweka ndoo juu ya matofali mawili yaliyosimama ndani ya beseni la maji.

Kumhamisha kiwavi, kata jani alilokaa ulisogeze pamoja naye. Usimng'oe kwa vidole. Badilisha majani kila siku, ondoa kinyesi, na usinyunyize maji ndani: unyevu uliofungiwa unaleta ukungu na kiwavi analegea akafa.

Siku moja utamkuta amebadilika. Rangi inakolea mgongoni, anatoa kinyesi chenye majimaji, anaacha jani zuri mbele yake na kuanza kuzunguka ndoo bila kutulia usiku kucha. Watu hudhani anaumwa. Anatafuta mahali pa kulala. Mwachie.

Hatua ya tano: pupa

Anajisukia nyuzi chache sana kati ya majani makavu au chini kidogo tu ya uso wa udongo, kifuko chepesi unachoweza kukichana kwa pumzi. Baada ya siku kadhaa ngozi ya kiwavi inapasuka na ndani kuna pupa, yaani umbo la kulala ambamo kiwavi anageuka nondo: urefu wa sentimita 5 hivi, rangi ya kahawia iliyopauka, yenye ukingo uliojitokeza mbele kama mkuku wa mtumbwi. Ukingo huo ni ala ya mrija wake wa kunywea, umeshaandaliwa.

Niliyemchimba kwa mara ya kwanza nilimtupa, nikidhani ni ganda la kitu kilichokwisha. Pupa mzima ukimgusa kiunoni anazungusha ncha ya tumbo. Aliyekufa hukauka, huwa mwepesi, au hunuka.

Kwa joto la kawaida anakaa wiki mbili hadi tatu. Kipupwe cha Juni na Julai kikishika, au ukame ukiwa mkali, huchelewa zaidi. Kuanzia yai hadi nondo, hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Hesabu hiyo ina faida yake shambani: ukiona wimbi la viwavi wakubwa leo, weka alama kwenye kalenda, maana watoto wa wimbi hilo watakuja ukishapita mwezi na siku kadhaa, na wakati huo utakuwa umeanza kugeuza majani kutafuta mayai.

Hatua ya sita: kutoka kwake

Siku mbili tatu kabla, pupa anakolea rangi. Simamisha kijiti kikavu chenye magamba ndani ya ndoo, kiegemee ukingoni. Hili si pambo. Nondo anatoka na mabawa mafupi yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, na lazima apande juu aning'inie ili yajae na kunyooka. Akikosa pa kupanda, yanakauka yakiwa yamejikunja na hataruka maisha yake yote.

Mara nyingi hutoka usiku. Nilikesha mara moja kumngojea. Alipasua ganda begani, akatoka amelowa, akakimbia (kweli alikimbia, miguu ikitetemeka) hadi juu ya kijiti, akageuka kichwa juu. Mabawa yalianza kushuka polepole sana, na mstari wa fedha ukajinyoosha pamoja nayo, kwanza ukiwa umevunjika vipande, halafu ukawa mmoja. Haikupita nusu saa yakawa yamefika urefu wake. Kisha akatulia yakauke, akadondosha tone la maji mekundu. Si damu, ni uchafu uliobaki kutoka ndani ya pupa.

Kabla ya kuruka anatetemesha mabawa bila kuondoka, kama injini inayopashwa moto. Ndivyo ilivyo hasa: misuli ya kifua lazima ipate joto kwanza. Fungua chandarua magharibi ya siku inayofuata, umwache.

Hatua ya saba: hesabu kabla ya kuamua

Sasa turudi shambani. Dodoma kwa kawaida tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kwa hiyo mzabibu unapogolewa na kuchipua upya mara mbili. Nondo huyu anafuata mvua na majani mabichi. Msimu wa mvua ndio wake, kwa sababu wakati huo hata jamaa wa mzabibu waliopo porini, wale wa jenasi ya Cissus wenye mashina manene ya pembe nne, wanachipua.

Kagua mara mbili kwa wiki tangu machipukizi yafike urefu wa shubiri. Pita shambani kwa mshazari, simama kwenye mizabibu 20, si ile ya ukingoni peke yake. Kila mmoja geuza majani kumi, kisha tazama chini kama kuna kinyesi. Andika mayai, viwavi wadogo, viwavi wakubwa, kila kundi peke yake.

Kuhusu kiasi kinachotosha kukutia wasiwasi, huu ni uamuzi wangu na nautumia shambani kwangu. Mzabibu wa mwaka wa kwanza hauvumilii. Kiwavi mmoja mkubwa anaweza kuuvua nguo kwa siku chache, nao bado unajenga shina, kwa hiyo hapo natoa kila ninayemwona. Mzabibu mkubwa uliojaa majani una akiba. Kishada kinahitaji takriban majani 10 hadi 15 mazima kwenye tawi lake ili kiive na kupata sukari. Ukitazama tawi lenye kishada likabaki na majani kama hayo, kiwavi mmoja au wawili kwenye mzabibu mzima hawatakupunguzia mavuno. Likishuka chini ya hapo, na hasa punje zikiwa zinaanza kubadilika rangi, chukua hatua siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: ondoa kwa mkono, na ujue wa kumwacha

Kwa shamba la ekari moja au pungufu, mkono unashinda dawa. Nenda saa mbili usiku na tochi, viwavi wakubwa wakiwa juu wanakula. Unawaona kwa wepesi kuliko mchana. Kata jani au mshike nyuma ya macho ya bandia. Atashikilia tawi kwa nguvu, zungusha kidogo ataachia. Wape kuku, au watie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kama una kichaka chenye Cissus mpakani, wapeleke huko. Mimi nimekiacha kichaka hicho kwa makusudi, na sijawahi kujuta.

Sasa wale wa kuwaacha. Ukimkuta kiwavi mgongoni ana vifuko vyeupe vilivyosimama kama punje za mchele, hayo si mayai yake. Ni vifuko vya nyigu vimelea waliokulia ndani ya mwili wake. Kiwavi huyo hatakula tena jani la maana, na kila kifuko kitatoa nyigu mmoja wa kutafuta kiwavi mwingine. Vivyo hivyo ukimwona ana vitone vyeupe vigumu vimebandikwa karibu na kichwa: hayo ni mayai ya inzi vimelea. Kuwaua hawa ni kuwafukuza vibarua wanaofanya kazi bure.

Baada ya wimbi kupita, palilia kijuujuu kuzunguka mashina na uwaachie kuku waingie kwa siku moja. Pupa yuko karibu na uso, hahitaji kuchimbwa. Usizame kwa jembe, utakata mizizi.

Hatua ya tisa: dawa, ikibidi

Mwaka mmoja nilinunua dawa kwa neno la muuzaji. Sikuuliza inaua nini, nikapiga jioni bustani nzima pamoja na mipapai. Siku ya tatu viwavi wakubwa wachache walikuwa bado wanatafuna. Buibui walikuwa wamekufa, nyigu wamekufa, na chini ya taa ya barazani nilizoa nondo wenye mstari wa fedha kwa ufagio. Msimu huo maua mengi ya mipapai yangu ya kike yalidondoka. Siwezi kusema dawa pekee ndiyo sababu, lakini tangu hapo sijapiga tena dawa ya kuua kila kitu.

Ukihitaji dawa, tafuta yenye bakteria Bacillus thuringiensis. Inaua viwavi wanaoila kwenye jani, haigusi nyigu wala nyuki. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, wasiozidi sentimita 2 au 3, mkubwa huvumilia. Jua linaiharibu upesi, kwa hiyo piga jua likishashuka, na uhakikishe inafika chini ya majani. Ndiyo sababu ulihesabu wadogo na wakubwa mbalimbali katika hatua ya saba. Dawa za mwarobaini nazo husaidia kwa wadogo. Nunua zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, fuata kipimo cha kwenye lebo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Salfa unayopuliza kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, haimuui kiwavi huyu. Mitego ya taa pia siishauri: inanasa madume, inanasa majike yaliyokwisha kutaga, na inanasa wadudu wengine chungu nzima ambao hawajakukosea. Zaidi ya hapo, zima taa za nje usiku wa mvua kama huzihitaji.

Hatua ya kumi: mngojee kwenye mpapai

Mpapai una dume na jike. Ua la dume lina maji matamu chini ya mrija mrefu. La jike halina kitu, ila linafanana na kunukia kama la dume kiasi cha kumfanya nondo akosee. Katika kukosea huko ndiko chavua inakofika. Ikiwa una aina zenye maua ya jinsia zote mbili hazimtegemei sana, lakini mipapai mingi ya nyumbani kwetu ni ya dume na jike.

Chagua jioni tulivu isiyo na upepo. Saa moja kasoro robo kaa karibu na mpapai dume, funika tochi kwa kitambaa chekundu, usivute sigara wala kujipaka mafuta ya mbu yenye harufu kali. Anakuja bila kutangulia na kelele. Utasikia mvumo mwepesi kwanza, kisha kivuli kimesimama hewani mbele ya ua bila kutua, mrija umenyooka ndani. Sekunde mbili, tatu, la pili, la tatu. Akihamia kwa jike atakaa muda mfupi zaidi, atagundua hakuna kitu, ataondoka. Funga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha ua hilo, andika tarehe, rudi baada ya wiki mbili uone kama limeshika.